Zima Feni, Narekodi

Jumatatu, 9 Februari

Kazi imepatikana! Kumbe sauti hii bado ina mnunuzi. Tangu redio waniage kwa keki na saa ya ukutani isiyotembea, nilishaanza kuamini nitaishia kuwasomea majirani maandishi ya kwenye chupa za dawa. Sasa nasoma dokumentari. Kuhusu ongezeko la joto duniani. Picha zipo, maneno yameshatafsiriwa, inatakiwa sauti ya kike “ya mtu mzima, iliyotulia”. Mtu mzima! Nimetukanwa kwa adabu.

Mwenye kazi nimempa jina: Sawasawa. Ukimwambia lolote anajibu sawasawa, halafu anafanya vilevile alivyokuwa ameshaamua.

Studio ni chumba kidogo, kuta zote sponji. Kiyoyozi kipo, tena kizuri. Lakini maiki inasikia kila kitu, hata tumbo likinguruma. Kwa hiyo kabla ya kurekodi, Fundi wa mitambo anazima kiyoyozi, anafunga mlango, anainua mkono, taa nyekundu inawaka — na mimi naanza kuiva. Nasoma “joto linapanda mwaka hadi mwaka” huku jasho linaniingia machoni. Fundi anacheka nyuma ya kioo. Eti Dada, hii ndiyo kusoma kwa vitendo. Mjinga huyu.

Nimerudi nyumbani hoi. Baba yuko kitini mbele ya feni yake, ile inayolia kwii, kwii kila ikigeuza shingo. Kaniuliza leo nimesoma nini. Joto la dunia, Baba. Akafikiri. “Hilo nalo lina haja ya kusomwa, mama? Si linajieleza lenyewe.”

Jumanne, 10 Februari

Leo ilikuwa zamu ya barafu. Milima mizima ya barafu inamegeka na kutumbukia baharini, na mimi natakiwa nisome kwa utulivu. Kuna dubu mweupe amekonda, anatembea peke yake. Kila mtu studioni alimhurumia. Hata Sawasawa alivua miwani. Mimi nilikuwa nawaza sijala tangu asubuhi.

Halafu kuna hili neno “sisi”. Filamu nzima ni sisi, sisi. Sisi tumechoma, sisi tumekata, sisi tumejaza hewa moshi. Sisi akina nani jamani? Baba yangu hajawahi kumiliki hata baiskeli. Miaka yote alikuwa mhudumu wa maktaba, anakwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, kazi yake kupanga vitabu na kunyamazisha watu. Naye yumo kwenye “sisi”? Nilimuuliza Sawasawa kama naweza kusoma “baadhi yetu”. Sawasawa, akasema. Kisha akasema nisome kama ilivyo, muda hautoshi.

Na kweli muda hautoshi. Kiswahili ni kirefu. Yule msomaji wa lugha ya awali ameshamaliza, amenyamaza, mimi bado niko katikati ya sentensi. Basi mimi na Fundi tunakaa na kalamu, tunakata. Leo tumekata mto mmoja na visiwa viwili. Bahari haikupata hata nafasi ya kuvimeza, tumeviondoa sisi wenyewe ili tuwahi muziki. Hapo ndipo nilipokubali: sawa, sisi.

Alhamisi, 12 Februari

Joto la leo si la mchezo. Lami ilikuwa inanata kwenye viatu. Na leo ndiyo tumefika sehemu ya wazee.

Sikujua ipo. Skripti nilikuwa nimeipitia juujuu tu, nisijidanganye. Picha inaonyesha dirisha lililofungwa, pazia, kiti. Hakuna mtu kwenye kiti. Maneno yanasema: “Joto halimuui mzee kwa kelele. Amekaa katika chumba kilichofungwa, kiu haisikii, jasho limekauka. Haombi msaada. Hataki kumsumbua mtu.”

Nilikwama. Nilirudia, nikakwama tena. Mara ya tatu nikaipitia mbio, kama mtu anayevuka barabara. Sawasawa akasema safi, ila nisitie huzuni, watu watazima televisheni. Nilitamani kumwambia azime yeye kwanza mdomo.

Nimefika nyumbani, hata viatu sijavua, nikaenda kumkagua Baba kama askari. Umekunywa maji? Nimekunywa. Umekunywa lini? “Nilipokunywa.” Nikamletea glasi, nikasimama hadi akamaliza. Akanirudishia glasi na kuuliza kama kuna mtihani.

Nimempigia dada yangu. Kwake ni mlimani, kuna upepo, nyumba ina miti pande zote. Miezi mitatu sasa ananiambia nimpeleke Baba akapumzike huko mpaka joto lipungue, na Baba anakataa. Leo nimemkalia kooni. Baba, chumba chako kinapigwa na jua kuanzia mchana, dari yenyewe imeshuka, utaugua. Unajua alinijibu nini? “Nikiondoka, nani atakunyamazia?”

Maana ndiyo kazi aliyojipa. Nikifanya mazoezi ya kusoma, anazima redio yake, anavua kandambili asisikike akitembea, anaweka kidole mdomoni hata kama yuko peke yake chumbani. Kile kile kidole cha maktaba. Hajawahi kumpigia mtu kelele maishani mwake. Akitaka chai hagombi wala haiti, anagonga ukuta na kile kifimbo chake. Taratibu. Ko, ko, ko. Kwa wenzetu wazee wanaita hadi mtaa wa pili.

Tumebishana hadi nikakaribia kulia. Mwisho akakubali. Ukimaliza hiyo kazi, akasema. Ukimaliza, nipeleke.

Haya. Nikimaliza.

Jumamosi, 14 Februari

Koo limekauka. Maji ya vuguvugu, chumvi, maji ya vuguvugu. Sentensi za mwisho mwisho. Nimechoka hadi nimechoka kuchoka.

Dada kaniuliza basi la siku gani. Nimemwambia Jumatano. Baba ameshakunja mashati mawili na kuyaweka juu ya meza. Mawili tu, eti haendi kuhamia.

Jumapili, 15 Februari

Fundi kanitumia filamu nzima, sauti yangu imeshawekwa. Mimi na Baba tumeitazama kwenye simu, tumeegemeza kwenye kopo la sukari, feni inatulilia pembeni.

Nilitaka kuona kama itanigusa sasa, nikiwa mtazamaji tu. Sijui. Kuna mahali panatisha kweli. Kuna mkulima anaokota mahindi yaliyokaukia shambani, hasemi kitu, anayaweka tu kwenye ndoo. Huyo nilimwelewa. Lakini kila baada ya picha kama hiyo anakuja mtu kwenye ofisi yenye ubaridi, amevaa koti — koti! — anatuambia muda bado upo, tukichukua hatua. Hatua gani? Mimi nizime nini? Nina taa mbili, friji, na feni mbili. Nimechoka kuambiwa niokoe dunia na mtu aliyevaa koti. Na hapo hapo najisikia vibaya, maana sauti inayoniambia ni yangu mwenyewe. Imetulia kabisa. Unaweza kudhani najua ninachosema.

Baba alitazama bila kupepesa. Dubu alipotokea akauliza, “Huyu mnyama, nani anampelekea chakula?” Hakuna, Baba. Akasikitika. Ilipofika sehemu ya wazee nilijifanya nakwenda kufuata maji. Niliporudi alikuwa ameirudisha nyuma mwenyewe, sijui alijuaje kuirudisha.

“Hapa umeharakisha,” akaniambia. “Kwingine kote umesoma vizuri. Hapa umekimbia.”

Ndiyo, Baba, nimekimbia.

“Isome kama unamsomea mtu.”

Jumatatu, 16 Februari

Balaa! Kompyuta za studio zimezidiwa na joto, zimejizima zote. Mitambo ya kutengenezea filamu ya joto imeshindwa na joto. Ningecheka kama ningekuwa na nguvu.

Na Sawasawa naye ameona leo ndiyo siku ya kusikiliza kwa makini. Kapiga simu: Mama yangu, kuna sentensi chache turudie, hasa ile ya wazee, umeenda mbio kidogo. Mtu huyo huyo aliyesema safi! Nikamwambia hata baba yangu kasema hivyo. Sawasawa, Mama, basi inatakiwa leo kabla ya jua kuzama, rekodi hukohuko nyumbani. Fundi kaleta maiki na kikompyuta, kanionyesha pa kubonyeza, kaenda kupambana na mitambo yake.

Nimegeuza kabati la nguo kuwa studio. Magauni ya kitenge yanameza mwangwi vizuri kuliko sponji yao. Godoro nimelisimamisha ukutani, blanketi mlangoni. Naandika hapa huku nasubiri Cheche anyamaze — jirani yetu, fundi wa kuchomelea, ana oda ya mageti na grenda lake halina huruma. Anasema atapumzika kidogo, nitumie nafasi hiyo.

Friji nimezima, inanguruma. Feni ya sebuleni nimezima. Madirisha nimefunga. Dirisha la Baba nimefunga pia, ndilo linalotazama kwa Cheche, na mlango wake. Imebaki feni yake. Nilisikiliza kwenye hedifoni: kwii, kwii, inapenya ukuta kama iko mdomoni mwangu.

Nimeenda kumwambia. Alikuwa kitini, shati limefungwa vifungo vyote, mzee wa maktaba hadi leo. Nikamwambia Baba, samahani, nazima feni kidogo. Usitoke toke, mlango unalia. Nikimaliza nitakuambia.

Akaweka kidole mdomoni. Na macho yanacheka.

Grenda limenyamaza. Haya, naingia kabatini. Nimsomee mtu.

Jumanne, 17 Februari

Hospitali. Benchi la nje ya wodi. Sijui nianzie wapi.

Yuko hai. Nianzie hapo. Yuko hai, ana dripu, macho amefumba.

Nilirekodi. Nilisoma vizuri, Mungu anisamehe, sijawahi kusoma vizuri namna ile. Nikatuma. Sawasawa akataka nirudie mbili za mwisho, nikarudia, nikatuma. Akajibu sawasawa kabisa, Mama, tumemaliza. Nikaangusha godoro chini ninyooshe mgongo. Dakika tano tu, nikasema. Nikafungua dirisha. Langu.

Nikalala fofofo.

Niliamka koo limekauka, nikaenda jikoni kunywa maji ya baridi. Maji yalikuwa ya moto. Nikakumbuka friji. Nikaiwasha, nikasimama pale kusikiliza kama imekubali, maana ni ya zamani. Friji! Niliwasha friji kwanza! Ndipo nikakumbuka feni.

Mlango wake ulikuwa umefungwa vilevile nilivyouacha. Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya tanuri. Yuko kitini. Vifungo vyote. Nilimshika mkono — moto, mkavu, bila hata tone la jasho. Nikamwita Baba. Nikamwita kwa sauti ambayo redio hawaijui. Mdomo ulikuwa unachezacheza lakini hakuna neno.

Cheche alikuja na aproni yake ya ngozi, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso. Akambeba kama mtoto. Uani tukammwagia ndoo nzima ya maji, shati na vyote, na Cheche analia waziwazi: shikamoo Mzee, shikamoo Mzee, kama vile akiitikia tu mambo yataisha.

Daktari kaniuliza: alikaa muda gani kwenye joto? Sijui. Hakuna feni nyumbani? Ipo. Umeme ulikatika? Haukukatika. Akasubiri sababu. Ningemwambiaje? Kwamba nilizima feni ya baba yangu ili nisome vizuri kuhusu mzee aliyefungiwa kwenye joto?

Kasema joto limempanda sana, mwili umepata mshtuko, kichwa nacho. Kama atarudi alivyokuwa, tusubiri.

Dada yuko njiani. Kwenye simu hakunilaumu. Kaniambia nijikaze tu. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 18 Februari

Leo ndiyo tulikuwa tupande basi.

Wodi ina feni moja kubwa ya darini, inazunguka polepole. Vitanda sita. Baba yuko cha dirishani. Dada kafika, kamfuta uso, sasa ametoka kutafuta uji. Mashati mawili kaja nayo, alipita nyumbani, kayakuta juu ya meza. Sikuweza kuyatazama.

Fundi kanitumia ujumbe. Hana habari ya lolote, maskini. “Dada hongera, hii imetoka vizuri sana, Sawasawa amekaribia kulia. Kuna mlio kidogo kwa nyuma kabla ya sentensi ya wazee, kama mtu anapiga nyundo kwa mbali. Nimeambatanisha. Niufute au turudie?”

Niliweka hedifoni masikioni. Sikutaka, nikaweka.

Kwanza ni pumzi yangu. Karatasi. Halafu: ko, ko, ko.

Taratibu. Unaweza kudhani anaogopa kuamsha mtoto. Kimya. Halafu tena, ko, ko — mara mbili tu, hafikishi tatu.

Halafu sauti yangu. Si ile iliyotulia. Ile ya nyumbani. “Aa, Baba! Nitakuletea, ngoja basi.” Nasonya. Nasafisha koo. Na hapo naanza, pole pole, kama ninamsomea mtu: “Joto halimuui mzee kwa kelele...”

Nilimsikia! Siku mbili nimekuwa nikiwaambia watu hakuniita. Nilimwambia daktari, nilimwambia dada, nilijiambia mwenyewe kwamba yeye ni mtu wa kimya, hakuniita. Aliniita. Nikadhani ni chai. Hapana, sikudhani kitu. Nilikuwa nataka anyamaze tu. Na akanyamaza, kwa sababu nilimwambia. Sentensi yote ile, na zile za baada yake, na usingizi wangu wote, amekaa kwa adabu akisubiri nimwambie nimemaliza.

Nimesikiliza tena mara mbili. Fundi sijamjibu. Nimwambie afute? Afute nini? Ndicho kitu pekee cha kweli kwenye filamu nzima.

Nilikuwa nimefika hapo, kalamu mkononi, Baba akafumbua macho.

Nikainuka hadi benchi likaanguka. Baba! Ananitazama. Ananijua, naona kabisa ananijua. Midomo imepasuka, inacheza, nikainama. Ananong'ona. Sikusikia. Nesi akaja mbio, mama mmoja mnene mchangamfu, akapiga kelele za furaha: Mzee umeamka! Ongea kwa sauti Mzee, ongea tukusikie!

Baba akainua mkono wenye dripu. Kwa shida. Akaweka kidole mdomoni. Akamtazama nesi kwa ukali, ule wa maktaba, kisha akamwonyesha mimi kwa macho. Nesi akainama kumsikiliza, naye akaanza kunong'ona, bila kujua kwa nini ananong'ona.

Akanigeukia. “Anasema feni izimwe.” Akacheka kidogo, hajaelewa. “Anasema unarekodi.”

Mgonjwa wa kitanda cha pili amenyamaza kukohoa. Wodi nzima imetutazama. Feni inazunguka. Nimemshika Baba ule mkono, nimemwambia kwa sauti, kama nilivyotakiwa kumwambia juzi: Baba, nimemaliza. Nimemaliza kazi. Nimemaliza, Baba, ongea.

Akaniwekea kidole na mimi.